KUJIDAI NA KUJIONA: Msamiati wa Wayunani na Habari ya Ujiji ya Mwaka 1871

  

Katika madarasa yetu ya akhlaqi maneno riyaa, ujub, kibri na fakhari hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba ni jina moja lililorudiwa mara nne. Na katika mazungumzo yetu kuhusu historia ya Ujiji, kitabu cha Henry Morton Stanley hupokewa kwa njia mbili tu: wako wanaokichukua chote kuwa ni kweli, na wako wanaokitupa chote kuwa ni uongo wa Mzungu. Makosa haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini sisi tunaona kwamba chanzo chake ni kimoja, nacho ni kutopambanua maneno. Asiyejua tofauti baina ya mtu anayejidai na mtu anayejiona hawezi kupima maneno ya yeyote kati yao.

Katika makala haya tutaanza na Wayunani wa kale, kwa sababu walikuwa na msamiati mpana katika jambo hili na wanachuoni wetu waliusoma. Kisha tutaangalia Kiarabu kinasema nini, na mwisho tutaipeleka habari ya Ujiji ya mwaka 1871 mbele ya mizani hiyo.

Mtu wa gatini

Neno la kwanza ni *alazon*. Kwa Wayunani huyu ni mtu anayedai kuwa na kitu asichokuwa nacho, au kuwa nacho zaidi ya kiasi alichonacho. Kiswahili kimelipata neno hili barabara: ni mtu anayejidai. Kujidai ni kujifanyia dai, na mwenye dai kwa lugha ya fiqhi ni *mudda'i*. Tunamuomba msomaji alihifadhi neno hili, maana tutalirudia.

Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle aliyeishi takriban kati ya mwaka 371 na 287 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), aliandika kitabu kidogo chenye sura 30 za tabia za watu. Sura ya 23 ni ya mtu huyu. Anamchora amesimama gatini akiwasimulia wageni jinsi mali yake ilivyo nyingi baharini, huku akiba yake yote ni kama drakma moja. Anadai alikuwa vitani pamoja na Alexander. Anadai kwamba mwaka wa njaa aliwagawia masikini zaidi ya talanta 5, yaani drakma 30,000. Nyumba anayoishi ni ya kupanga, lakini humwambia asiyejua kuwa ni urithi wa baba yake, na kwamba anataka kuiuza kwa sababu imekuwa ndogo kwa wingi wa wageni wake.

Hakuna mkazi wa Kigoma ambaye hajakutana na mtu huyu. Aghalabu humkuta gatini vilevile, na mali yake iko ng'ambo ya ziwa.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili alichomwandikia Nicomachus au kilichoitwa kwa jina lake, alimweka *alazon* upande mmoja na *eiron* upande wa pili. Huyu wa pili ni yule anayejishusha na kukana hata alichonacho. Katikati yao akamweka msema kweli, anayejieleza kwa kadiri alivyo. Kisha akawagawa wanaojidai mafungu matatu. Wa kwanza hajidai kwa lengo lolote, na huyo ni mpuuzi zaidi kuliko kuwa muovu. Wa pili anatafuta sifa na heshima, na Aristotle hamlaumu sana. Wa tatu anatafuta mali, na huyu ndiye mbaya zaidi. Akaongeza kwamba wa tatu huchagua kudai yale ambayo watu wanayahitaji na ambayo uongo wake si rahisi kugundulika: utabiri, hekima na utabibu. Zingatia pia kwamba kwa Aristotle mtu hawi *alazon* kwa uwezo wake wa kusema uongo, bali kwa kukusudia kwake.

Kuonekana na sifa

Neno la pili ni *doxa*. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuonekana au kudhaniwa. Kwa hiyo *doxa* ni dhana, yaani lile mtu analoliona kuwa ndivyo. Lakini neno hilohilo likawa na maana ya sifa na utukufu. Utukufu wa mtu, kwa lugha yao, ni ile dhana waliyonayo watu juu yake. Ndiyo maana lilipatikana pia neno *kenodoxia*, yaani sifa tupu, sifa isiyo na kitu ndani.

Neno la tatu ni *phantasia*. Limetokana na kitenzi cha kudhihirika, na Aristotle katika kitabu chake cha nafsi analihusisha na neno la mwanga, kwa kuwa bila mwanga hakuna kinachoonekana. Maana yake kwake ni ile nguvu ya nafsi inayohifadhi na kuleta sura za vitu hata vikiwa havipo mbele ya macho. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu, na Ishaq bin Hunayn (aliyefariki mwaka 298 Hijria) ni miongoni mwa waliokifanyia kazi hiyo. Ibn Sina (aliyefariki mwaka 428) alilichukua neno lenyewe kwa umbo la Kiarabu akalitumia kwa hisi ya pamoja, mahali ambapo yaliyokuja kwa macho, masikio na hisi nyingine hukutana. Sura zinapohifadhiwa baada ya hapo, mahali pake akapaita *khayal*.

Lakini *phantasia* haikubakia kwa wanafalsafa. Katika Kiyunani cha baadaye likatumika pia kwa fahari na mbwembwe za nje. Mwandishi wa Matendo ya Mitume analitumia (25:23) anapoeleza Mfalme Agrippa na Bernike walivyoingia ukumbini. Na baada ya karne nyingi, katika Kiarabu cha watu wa kawaida huko Maghribi, neno hilo likawa na maana ya mikogo, na Wazungu wakaliita kwa jina hilo onyesho la wapanda farasi wanaofyatua bunduki kwa pamoja. Tazama safari ya neno hili: limeanza na mwanga, likawa sura iliyomo nafsini, likaishia kwenye baruti na farasi.

Mzizi wa kha, ya, lam

Safari ambayo *phantasia* iliifanya kwa karne nyingi, katika Kiarabu imo ndani ya mzizi mmoja. *Khayal* ni sura iliyomo akilini. *Khuyalaa* ni majivuno. *Mukhtal* ni mwenye majivuno hayo. *Khayl* ni farasi. Na katika Surat Taha, aya ya 66, kitenzi cha mzizi huu kimetumika kwa kamba na fimbo za wachawi wa Firauni, jinsi zilivyoonekana machoni pa Nabii Musa (a.s.) kinyume na zilivyokuwa.

Raghib al-Isfahani, mwanachuoni wa karne ya tano ya Hijria, katika kamusi yake ya maneno ya Qur'an ameeleza uhusiano huu. Kwake *khuyalaa* ni kiburi kinachotokana na mtu kuifikiria fadhila aliyojionea nafsini mwake. Na jina la farasi linahusishwa na hapo, kwa vile imesemwa kuwa hapandi mtu farasi ila hupata kitu cha kujiona ndani ya nafsi yake.

Hapa Kiswahili nacho kina neno lake. Tunasema fulani *anajiona*. Hatukutaja anajiona nani wala anajiona nini. Kule kujiona kwenyewe kumetosha kuwa ni aibu.

Sasa angalia mpangilio wa Qur'an. Mara tatu, katika Surat an-Nisaa (36), Surat Luqman (18) na Surat al-Hadid (23), *mukhtal* na *fakhur* yametajwa pamoja kuwa ni watu ambao Allah hawapendi, na mara zote tatu *mukhtal* ametangulia. *Fakhur* ni yule anayejifaharisha kwa watu kwa ulimi wake. Tunafahamu kutokana na mpangilio huu kwamba kujiona hutangulia na kujidai hufuata. Mtu hujidanganya mwenyewe kwanza, kisha ndipo huwaendea wengine na dai lake.

Pale Wayunani walipokomea

Wapo wanaosema kuwa elimu yetu ya akhlaqi imenakiliwa tu kutoka kwa Wayunani. Hatukatai kwamba kitabu cha maadili cha Aristotle kilifasiriwa kwa Kiarabu, na nakala yake ya mkono ikapatikana Fez. Wala hatukatai kuwa Miskawayh (aliyefariki mwaka 421) alikitumia. Lakini kunakili ni jambo moja na kutengeneza hukumu ni jambo jingine. Tunazitaja tofauti mbili.

Kwanza, *alazoneia* si riyaa, na mfasiri anayeweka moja mahali pa nyingine anakosea. *Alazon* anadai asichokuwa nacho. Mwenye riyaa huenda anacho kweli. Ameswali kweli, amefunga kweli, sadaka yake imemfikia masikini kweli. Hakusema uongo hata neno moja, na bado amali yake imeharibika kwa sababu aliwafanyia watu. Katika mizani ya Aristotle mtu huyu anaweza kupita kuwa msema kweli.

Pili, Aristotle alimhurumia anayejidai kwa ajili ya heshima na akamkemea anayejidai kwa ajili ya mali. Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505), katika kitabu cha nane cha robo ya Muhlikat ndani ya Ihyaa, ameunganisha mapenzi ya jaha na riyaa katika kitabu kimoja, kwa sababu kutaka kumiliki nyoyo za watu ni jambo lenye hatari kuliko kutaka kumiliki mali zao. Kisha akataja njia tano ambazo mtu hujipambia watu: mwili, mavazi, kauli, vitendo na wafuasi. Orodha hii ni chombo kizuri cha mkosoaji, nasi tutaitumia hapa chini.

Kitabu cha Stanley mbele ya kadhi

Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone, akafika Ujiji mwaka 1871, na kitabu chake kikatoka London mwaka 1872. Tukisome kwa mizani ya mahakama. Mtume (s.a.w.) ameweka kanuni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, nayo ni Hadithi ya 33 katika Arubaini ya Imam Nawawi. Na mafakihi wameweka kanuni ya pili, kwamba iqrari ya mtu ni hoja dhidi ya nafsi yake mwenyewe na haivuki kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo maneno ya Stanley yagawanywe mafungu mawili: yale anayoyakiri dhidi yake, na yale anayoyadai kwa faida yake.

Ama anayoyakiri, tunayapokea. Anaeleza mwenyewe kwamba kabla ya kuingia Ujiji alimwagiza Selim, kijana mkalimani wake kutoka Jerusalem, amtolee suti mpya, apake buti mafuta, apake kofia yake chaki na kuizungushia kitambaa kipya, ili aonekane vizuri mbele ya Mzungu mwenzake na mbele ya Waarabu wa Ujiji. Hayo ni mavazi. Anaeleza jinsi bunduki zipatazo 50 zilivyopigwa kwa pamoja na bendera ya Marekani ikatangulia. Hao ni wafuasi. Na anaeleza kuwa alipomuona Livingstone alitamani kumkumbatia, lakini woga na kiburi cha uongo vikamzuia, akaenda kwa hatua za taratibu, akavua kofia na kutoa salamu ile mashuhuri ya kumdhania kuwa ndiye. Hiyo ni kauli, na tiba ya kiburi haijapata kuanza ila kwa iqrari kama hii.

Insafu inatulazimisha kusema jambo moja. Kupiga bunduki na kuvaa nguo nzuri wakati wa kuingia mjini ilikuwa ni ada ya misafara ya pwani na bara. Kwa baruti hiyo mji ulijulishwa kuwa wageni wamefika na wamefika kwa amani. Wapagazi nao walijipamba. Kwa hiyo baruti peke yake haimtii Stanley hatiani. Linalomtia hatiani ni kusudio alilolitaja kwa kalamu yake mwenyewe.

Ama anayoyadai, tunauliza: uko wapi ushahidi? Anadai tarehe 10 Novemba 1871, ilhali shajara ya Livingstone inaielekeza siku hiyo mwishoni mwa Oktoba. Anadai maneno ya salamu ile, lakini Livingstone alipoandika habari ya siku hiyo katika shajara yake hakuyataja. Na Tim Jeal, aliyeandika maisha ya Stanley mwaka 2007, ameonyesha kwamba kurasa za siku hiyo katika shajara ya Stanley zilichanwa. Livingstone mwenyewe anaandika kuwa ile bendera ndiyo iliyomjulisha kabila la mgeni. Lakini mgeni yule alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, kwa jina la John Rowlands, na uraia wa Marekani hakuuchukua mpaka mwaka 1885. Livingstone pia anataja alivyotazama marobota, masufuria makubwa na mahema, akadhani huyu ni msafiri wa anasa. Hapo *phantasia* ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake kabla salamu haijatolewa.

Hatusemi kwamba Stanley hakufika Ujiji. Alifika, na mashahidi ni wengi. Tunachosema ni kwamba sentensi ile ambayo dunia nzima inaijua kuhusu Ujiji ni dai lililobaki bila ushahidi isipokuwa wa mdai mwenyewe.

Sherif, Muhammad bin Saleh na Sayyid bin Majid

Tungekomea hapo ingekuwa sisi nasi tumejiona. Mizani hii ni lazima ipimie watu wetu pia.

Katika shajara ya Livingstone, iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, imo habari ya Muislamu mmoja jina lake Sherif, aliyekuwa amekabidhiwa bidhaa zake Ujiji. Livingstone alirudi kutoka Manyema tarehe 23 Oktoba 1871 akakuta zimeuzwa zote: katika yadi 3,000 za kitambaa haikubaki hata moja, na katika ratili 700 za shanga haukubaki hata uzi mmoja. Sherif alidai kuwa amepiga ramli kwa Msahafu, na ramli ikamjulisha kwamba mwenye mali amekufa.

Huyu ndiye *alazon* wa tatu wa Aristotle kwa sifa zake kamili: amedai utabiri, na amedai kwa ajili ya mali. Kufungua Msahafu kwa ajili ya kutazamia kumeharamishwa na Abu Bakr at-Turtushi (aliyefariki mwaka 520), na Qarafi akamnukuu katika Furuq. Damiri naye ametaja kuwa hukumu inayoafikiana na madhehebu yetu ya Shafi ni karaha. Hata hao waliolegeza hawakusema kwamba ramli inahalalisha kuuza mali ya amana. Hata hivyo, kwa kanuni yetu ileile, inabidi tukumbuke kuwa habari hii ni ya aliyedhulumiwa, na Sherif hakuacha maandishi ya kujitetea.

Lakini katika shajara hiyohiyo, ukurasa uleule, wapo wawili wengine. Wa kwanza ni Muhammad bin Saleh. Livingstone alimwachia bidhaa chache kabla ya kwenda Manyema mwaka 1869, akazikuta zimehifadhiwa baada ya zaidi ya miaka 2. Wa pili ni Sayyid bin Majid, ambaye asichanganywe na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1870. Huyu alingoja mpaka walipokuwa wawili peke yao, ndipo akamwambia mgeni kuwa hana bidhaa ila ana pembe za ndovu, na akamuomba amruhusu auze baadhi yake ili ampe bidhaa. Livingstone alishukuru, akasema bado, labda baadaye. Mistari michache baada ya hapo ndipo anapoanza kueleza jinsi Susi alivyokuja mbio kumjulisha kuhusu msafara wa Stanley.

Mlinganishe na yule wa Theophrastus aliyedai kugawa talanta 5. Sayyid bin Majid hakudai kitu. Hatuna maandishi yake ya kujisifu. Aliyemshuhudia ni mtu wa dini nyingine, asiyekuwa na faida katika kumsifu, na ushahidi wa namna hii kwa mwanahistoria una uzito kuliko kitabu kizima cha mtu anayejieleza mwenyewe.

Wala mtu asilichukue hili akalifanya fahari ya ukoo au ya rangi. Pembe zile zilisafiri katika njia moja na watumwa. Na Livingstone alifika Ujiji akiwa ametoka kushuhudia mauaji ya watu sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, yaliyofanywa na watu wa wafanyabiashara wa pwani. Anayeitaja Ujiji ya kale kwa majivuno huku akiyaficha hayo, naye anajidai, na ushahidi utatakiwa kwake.

Hitimisho

Tumepata mambo matatu. Kwanza, kujidai ni tunda na kujiona ni mzizi. Wayunani waliviita kwa majina mbalimbali, na Qur'an imevipanga kwa taratibu yake. Pili, riyaa ni pana kuliko kujidai, kwa kuwa inamnasa hata msema kweli. Kwa hiyo imamu anayefasiri darsa hii asitosheke na kukemea uongo. Tatu, kitabu cha mwenye kujiona hakitupwi wala hakiabudiwi: iqrari yake ichukuliwe na dai lake liombewe ushahidi.

Mgeni anayefika kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji husimuliwa habari ya salamu. Tunawaomba walimu wa madrasa za Kigoma na Ujiji, wanapowapeleka vijana pale, wawasimulie pia habari ya amana iliyohifadhiwa zaidi ya miaka 2, na ya mtu aliyetoa pembe zake kwa siri kabla bunduki hazijalia. Hiyo ina shahidi.

Wallahu a'lam.